Mtoto Tuliyetaka Aondolewe



Sisi tunaoandika habari hii ni akina mama watano wa mjini Morogoro. Watoto wetu walisoma darasa moja katika shule ya msingi ya kanisa, na sasa wako sekondari. Hatutaitaja shule hiyo, wala hatutataja majina yetu, kwa sababu habari yenyewe inamhusu mtoto wa mwenzetu, naye ametukubalia tuisimulie kwa sharti hilo. Wawili kati yetu ni Walutheri, wawili ni Wakatoliki na mmoja ni Mpentekoste. Tunaandika pamoja kwa sababu kosa tulilifanya pamoja.

MANENO YALIYO LANGONI

Ukifika katika shule ile utaona maneno manne yamepakwa rangi ya buluu juu ya ukuta mweupe wa lango: UPENDO, UKWELI, HESHIMA, HUDUMA. Kila asubuhi, watoto wakiwa mstarini, huyataja kwa sauti moja kabla ya sala. Tulipowapeleka watoto wetu pale tuliyapenda sana maneno hayo. Tuliwaambia waume zetu kwamba mtoto akilelewa katika maneno kama hayo hawezi kupotea, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini tuseme kweli yote. Hatukuvutwa na maneno hayo peke yake. Tulivutwa pia na matokeo ya mitihani. Shule ilikuwa inashika nafasi za juu wilayani, na walimu wake walijulikana kwa bidii. Ada yake haikuwa ndogo kwetu. Mmoja wetu anauza vitenge sokoni, mmoja ni muuguzi, mmoja huamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi. Wengine tulitegemea upatu na mishahara ya waume zetu. Ada tuliilipa kwa mafungu, na mara nyingine tuliahirisha mahitaji ya nyumbani ili fungu lisichelewe. Mtu anayelipa kwa jasho hutaka aone matunda ya jasho lake, nasi matunda tuliyoyatazamia yalikuwa alama.

SIKU ALIPOKUJA

Mwezi wa Januari mwaka 2018, watoto wetu walipoingia darasa la tatu, alikuja msichana mpya. Alikuwa na umri wa miaka kumi, mkubwa kuliko wenzake, lakini kwa kimo alikuwa mfupi kuliko wote. Uso wake ulikuwa wa mviringo, macho yamepanda kidogo pembeni, na maneno yake hayakusikika vizuri. Alikuwa na hali iitwayo Down.

Watoto wetu walipotuletea habari hizo nyumbani hawakulalamika hata kidogo. Walisema, "Mama, kuna mtoto mpya, anakumbatia kila mtu." Walitueleza kwamba hajui kufunga kamba za viatu na kwamba wanapokezana kumfunga. Sisi ndio tuliokunja uso.

Tulianza kunong'ona pale langoni tulipokwenda kuwachukua watoto. Kisha tukanong'ona baada ya ibada, kisha kwenye simu. Mmoja alisema mwalimu atatumia muda wake wote kwa mtoto mmoja. Mwingine alisema watoto wetu wataiga anavyosema. Lakini jambo lililotusumbua zaidi lilikuwa upimaji wa taifa wa darasa la nne, ambao ungefanyika mwaka unaofuata. Tulijua kwamba alama za mtoto yule zitaingia katika wastani wa shule. "Samaki mmoja akioza wote wameoza," alisema mmoja wetu, nasi tukacheka. Leo tunaukumbuka mcheko ule kwa aibu.

BARUA YENYE MANENO MAZURI

Tuliandika barua kwa mwalimu mkuu. Tuliianza kwa "Bwana Yesu asifiwe" na kuimaliza kwa "Wako katika Kristo". Katikati tulisema kwamba tunampenda mtoto yule kama wetu, na kwamba kwa manufaa yake mwenyewe ingefaa apelekwe shule maalumu yenye wataalamu. Hatukuandika neno wastani hata mara moja. Akina mama kumi na mmoja walitia sahihi, na sisi watano tulikuwamo.

Tulimpelekea pia mama mmoja Mwislamu, ambaye mwanawe alikuwa darasani humo. Aliisoma barua hadi mwisho, akaikunja, akaturudishia.

"Jamani wenzangu, mimi hapo mniache," alisema. "Nilipomleta mwanangu hapa niliogopa, kwa kuwa ni shule ya kanisa. Mwalimu mkuu aliniuliza dini yetu ili ajue tu mtoto akae na nani katika kipindi cha dini. Mwezi wa Ramadhani, wenzake wakienda kula, yeye huruhusiwa kukaa maktaba. Ijumaa huruhusiwa kwenda kuswali. Sasa mlango uliofunguliwa kwa wangu, niufunge kwa wa mwenzangu kwa mkono gani?"

Tulinyamaza. Tungeweza kuishia hapo na barua ile ikachanwa. Lakini tuliiona kama tofauti ya mawazo tu, tukaipeleka ofisini. Akina mama wenzetu, ni jambo zito kukumbuka kwamba katika mambo ya lango la shule ya Kristo, aliyetuonya alikuwa mama asiye wa dini yetu, nasi hatukumsikia.

SWALI LA MWALIMU MKUU

Mwalimu mkuu, mama wa makamo na mke wa mchungaji, alituita Ijumaa moja alasiri. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa meza. Hakukasirika.

"Mama zangu," alisema, "barua yenu nimeisoma mara tatu. Sina ugomvi nanyi, maana ada zenu ndizo zinazolipa mishahara yetu. Nina swali moja. Nikimwondoa mtoto huyu, Jumatatu asubuhi watoto wenu watasimama mstarini na kuyataja yale maneno manne ya langoni. Niambieni nifute lipi, ili tusiwafundishe watoto kusema uongo."

Hakuna aliyejibu. Baadaye mmoja alijikaza akauliza habari ya wastani. Mwalimu mkuu alikubali kwamba wastani unaweza kushuka. "Sitawadanganya," alisema. "Lakini nami niwaulize, shule za kanisa zilianza na watoto gani?"

Kisha alitueleza mambo ambayo wengi wetu tulikuwa tumeyasikia na kuyasahau. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, waliowapokea na kuwafundisha kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Huko Unguja, Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule Kiungani kwa wavulana na Mbweni kwa wasichana, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Walikuwa watoto wasio na baba wa kuwalipia ada wala ukoo wa kuwasemea. Hakuna aliyewategemea walete sifa.

Baadaye kanisa liliwafuata watoto wengine waliofichwa ndani. Huko Buigiri, Dodoma, Waanglikana walianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilianzishwa na Wakatoliki huko Tabora mwaka 1963. Mwaka huo huo Walutheri walianzisha shule ya wasioona huko Irente, Lushoto. "Hao ndio waliotutangulia," alisema. "Shule nyingi za makanisa zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969. Tangu miaka ya 1990 makanisa yamefungua tena shule za msingi, na siku hizi zinaendeshwa kwa ada. Ada si dhambi. Lakini anayelipa ada akianza kuchagua nani aingie, tutakuwa tumesahau tulikotoka."

Alitualika twende siku yoyote tukae darasani tuone. Tuliitikia kwa heshima, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyekwenda.

KITI KITUPU

Siri ya watu kumi na mmoja haikai. Mama wa mtoto yule alipata habari ya barua yetu, na Jumatatu iliyofuata kiti cha binti yake kilikuwa kitupu. Kilibaki kitupu wiki mbili.

Watoto wetu walianza kuuliza. Binti wa mmoja wetu alimwuliza mama yake jikoni, "Mama, amekosa nini?" Mama yake, aliyekuwa na jibu kwa kila swali, aliendelea kuchambua mchele bila kusema neno. Usiku ule alitupigia simu mmoja mmoja. Jumamosi sisi watano tukaondoka pamoja. Tulibeba sukari na mchele kama watu waendao msibani.

Nyumba yao iko upande wa milimani, chini ya Uluguru. Binti ndiye aliyetuona kwanza. Alitujua kwa kutuona langoni, akatukimbilia na kutukumbatia mmoja baada ya mwingine, sisi tuliotia sahihi aondolewe. Kisha akaanza kutuletea vigoda, kimoja kimoja, huku akituhesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, tano. Nne aliiruka. Akaona mmoja wetu bado amesimama, akaenda kuleta kigoda kingine.

Mama yake alitukaribisha chai. Alituacha tunywe kwanza ndipo akasema.

Alisema shule ile ilikuwa ya tano. Nne za kwanza zilimkataa kwa maneno mazuri, nyingine zikisema nafasi zimejaa. Alisema mtoto alipozaliwa, ndugu wa mume walikaa kikao wakasema amerogwa, na wengine wakasema mama ndiye aliyeleta mkosi. Mume wake hakumwacha, naye humshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hata kanisani, akina mama wa kikundi cha maombi walimtaka atubu dhambi aliyoifanya kwa siri, ndipo mtoto apone. Alitubu dhambi zote alizozikumbuka. Mtoto akabaki vile vile.

"Kufungiwa mlango na watu wa nje nimezoea," alisema. "Sikuzoea kufungiwa na watu tunaoshiriki pamoja meza ya Bwana."

Hatukuwa na la kusema. Mkubwa wetu kwa umri alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti, akasema, "Mwanangu, tumekukosea wewe na mtoto. Tusamehe." Wengine tukafuata. Hakutusamehe kwa haraka kama tulivyotaka. Alilia sana, akasema tumpe muda. Jumatano asubuhi tulimwona langoni amemshika binti yake mkono.

TULIYOPASWA KUYAJUA

Mmoja wetu, kama tulivyosema, ni muuguzi. Anakiri kwamba mambo haya aliyajua tangu chuoni na hata hivyo alitia sahihi. Tunayaandika hapa kwa sababu akina mama wengi hawajaambiwa.

Katika chembe hai za mwili wa mwanadamu kwa kawaida kuna kromosomu 46, jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mtoto mwenye hali ya Down kwa kawaida ana 47, kwa kuwa kuna moja ya ziada kwenye jozi ya 21. Daktari Mwingereza John Langdon Down alieleza hali hii mwaka 1866, nayo ikaitwa kwa jina lake. Sababu yake ilielezwa mwaka 1959 huko Ufaransa, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Jérôme Lejeune, daktari aliyekuwa Mkristo Mkatoliki na aliyewahudumia watoto hao hadi mwisho wa maisha yake.

Maana yake ni kwamba jambo hili huwapo tangu mwanzo kabisa wa mimba. Halitokani na uchawi, laana, chakula wala dhambi ya mama. Uwezekano huongezeka umri wa mama unapoongezeka, lakini wasichana wadogo pia huzaa watoto wa hali hii. Haiambukizi. Haiondoki kwa dawa. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo, na wengi huwa na matatizo ya masikio au macho. Kwa hiyo mtoto apelekwe hospitali mapema. Upasuaji wa moyo kwa watoto hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili. Watoto hawa hujifunza, ila polepole, na hujifunza vizuri zaidi wakiwa pamoja na wengine.

Sheria nayo iko upande wao. Mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida zipokee watoto wote. Hapa kwetu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya serikali au ya binafsi kama watoto wengine.

TULIVYOONA DARASANI

Hatimaye tulikwenda kukaa darasani, wawili wawili. Tulidhani tutaona mwalimu amemwacha kila mtu anamhudumia mmoja. Hatukuona hivyo.

Binti aliketi dawati la mbele, mahali anapoona mdomo wa mwalimu. Wenzake walipofanya hesabu kumi, yeye alifanya mbili, kwa vizibo vya soda. Mwalimu alieleza jambo kwa maneno, kisha kwa picha, kisha kwa vitendo. Tuligundua kwamba watoto wetu nao walisubiri picha. Mvulana wa mmoja wetu, ambaye hesabu zilimshinda na aliona aibu kuuliza, alivitumia vizibo vile bila mtu kumcheka, kwa kuwa tayari vilikuwa mezani.

Kulikuwa na kanuni moja: mtu akisema, wengine husubiri amalize. Hakuna kumkatiza wala kumsaidia neno kabla hajaomba. Mwalimu aliwafundisha watoto kusema, "Taratibu, nasubiri." Binti alichukua muda mrefu kumaliza sentensi moja, na watoto thelathini na wanne walikaa kimya wakingoja. Sisi tulikuwa tunajitingisha vitini.

Hatusemi kwamba ilikuwa rahisi. Mara moja alitoka nje ya lango akifuata mbuzi, na shule nzima ikamtafuta hadi karibu na barabara. Siku nyingine aligoma chini ya dawati asubuhi nzima. Mwalimu alichoka, na mara nyingine tulimwona ana machozi. Shule ilimpeleka likizoni kwa mafunzo mafupi ya elimu maalumu, ikaajiri mlinzi wa pili. Palihitajika msaidizi wa darasa, na fedha za kumlipa hazikuwapo. Sisi watano tulikuwa na upatu wetu. Tukakubaliana kwamba kila mwezi tutenge fungu kwa ajili ya msaidizi huyo. Mama wa Kiislamu alipopata habari alikuja na fungu lake kabla hatujamwomba. Hatukujiona watu wema. Tulikuwa tunalipa deni.

SIKU TULIYOIOGOPA

Upimaji wa darasa la nne ulifanyika mwaka 2019. Binti aliongezewa muda kama utaratibu unavyoruhusu kwa wenye mahitaji maalumu. Hakufanya vizuri. Nafasi ya shule wilayani ilishuka hatua mbili.

Siku tuliyoiogopa ilikuwa imefika. Tulikwenda sokoni kama kawaida, watoto wetu wakaingia darasa la tano, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Alimaliza darasa la saba pamoja na wenzake mwaka 2022. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza orodha za shule bora. Orodha iliyotufanya tutake kumtoa mtoto darasani haikuwa na maisha marefu.

Lakini kuna jambo jingine la kuwaeleza, na mwenye jambo hilo ametaka liandikwe.

Mwaka 2021 mume wa mmoja wetu alipata kiharusi. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno mengi na utani. Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kuume ulikuwa umekufa ganzi na maneno hayakutoka. Akitaka maji alisema neno lingine, au sauti tu. Mke wake alijitahidi kumkisia: "Maji? Shuka? Chooni?" Mume alikasirika, akapiga godoro kwa mkono mmoja, akageukia ukutani. Wageni walipokuja walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mke wake alikuwa akilia jikoni ili asionekane.

Mwanawe alikuwa darasa la sita. Jioni moja alivuta kigoda akaketi mbele ya baba yake, mahali uso unapoonekana vizuri, akasema, "Baba, taratibu, nasubiri." Kisha akakaa kimya. Mama yake, aliyekuwa mlangoni, alitaka kuingilia, akajizuia. Muda ulipita. Baba akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Mtoto hakumkatiza. Mwisho neno likatoka, nalo lilikuwa jina la mtoto.

Tangu siku hiyo, kijana yule ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba. Alitumia picha, kama alivyoona darasani. Aliwafundisha wadogo zake kusubiri. Baba yake anazungumza sasa, ingawa kwa shida, na ameanza tena kuelekeza vijana karakanani. Mama alipomwuliza mwanawe nani alimfundisha hayo, mtoto alishangaa. Alisema, "Si ndivyo tunavyofanya darasani?"

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwenzetu huyu anasema kama barua yetu ingefanikiwa, siku ya shida nyumba yake isingekuwa na mtu mmoja anayejua kusubiri.

KWENU AKINA MAMA

Katika Marko 10 tunasoma habari za watu walioleta watoto kwa Yesu, na wanafunzi wakawakemea. Wanafunzi wale hawakuwa watu wabaya. Walidhani wanamlinda Bwana asisumbuliwe. Nasi tulidhani tunailinda shule. Bwana alichukizwa, akawaita watoto waje. Hakuuliza yupi ana akili.

Tunaomba mtupokee mawaidha haya machache.

Kwanza, unapotafuta shule ya Kikristo, usiulize matokeo peke yake. Uliza ni watoto gani waliopokelewa mwaka huu, na ni nani walioondolewa kabla ya mtihani. Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha mengi ambayo maandishi ya ukutani hayawezi kukuonyesha.

Pili, unaposikia manung'uniko langoni, usiyaongeze. Shule nyingi zinazofunga mlango hufanya hivyo kwa kuwaogopa wazazi wanaolipa ada. Mwalimu mkuu anayetaka kutenda haki anahitaji kusikia kwamba wazazi wako pamoja naye.

Tatu, kama wewe ndiwe mama wa mtoto mwenye ulemavu, usimfiche. Si adhabu, nawe hukukosa. Yesu alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa yote mawili. Mpeleke mtoto hospitali, mpeleke shule, na ukikataliwa, waendee afisa elimu na mchungaji au padre wako.

Nne, wewe uliye katika kikundi cha akina mama, mtembelee mwenzako huyo. Usimpelekee maneno ya kumtaka atubu. Mshikie mtoto saa moja ili apumzike.

Tano, wafundisheni watoto wenu kusubiri mtu mwingine amalize kusema. Ni jambo dogo, lakini hata wazee nyumbani watalifaidi.

Binti yule sasa ni mtu mzima wa miaka kumi na minane. Hakuendelea na sekondari. Kila asubuhi huenda na mama yake hadi kwenye shule ile ile, ambako husaidia darasa la awali. Hutandika mikeka, hugonga kengele, na huwafunga watoto kamba za viatu. Kujifunza kufunga kamba hizo kulimchukua hadi darasa la tano, na watoto wetu ndio waliomfundisha. Anafanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, akiwa amepiga magoti sakafuni, na hakuna mtoto anayeingia darasani kabla fundo halijakaa sawa.

Mama yake na sisi sasa tuko upatu mmoja. Msamaha alitupa, ingawa ulichukua muda, nasi tulijifunza kusubiri.

Bwana awabariki ninyi, waume zenu na watoto wenu wote.